UZI: Kumshonea kijana topu ya kitambaa cha kuvutika kwa cherehani ya kawaida, bila ovaloki

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Wadau wa sindano, salaam.

Kila mtu akiuliza namna ya kushona fulana au topu ya kuvutika nyumbani, jibu la kwanza analopewa ni "tafuta ovaloki kwanza." Mimi napinga. Ovaloki inakata ukingo, inauzungushia uzi na inaharakisha kazi, basi. Haichagui kitambaa, haipimi shingo, wala haijui kwamba mwanao amerefuka mikono tangu umpime mara ya mwisho. Topu nyingi zinaharibika kabla hata mguu wa cherehani haujashushwa. Kwa hiyo hapa nitakaa sana kwenye kitambaa na vipimo, kushona kwenyewe nitapita haraka, isipokuwa shingo. Shingo ina mambo yake.

Kitambaa cha shati kina mtande na mshindio. Uzi mmoja unakwenda urefu, mwingine unaukatiza, na zote mbili zimebanana. Kitambaa cha fulana hakina hiyo. Ni vitanzi vitupu, kila kimoja kimeshika mwenzake, kama sweta ya kufuma kwa mkono ila vidogo mno. Ukivuta, vitanzi vinajinyoosha, ukiachia, vinajirudi. Mashine za kufuma namna hii si jambo la jana: William Lee alitengeneza ya kwanza huko Uingereza mwaka 1589, kwa ajili ya soksi, na mpaka leo msingi ni ule ule wa vitanzi.

Hapo ndipo faida ya kwanza ya asiye na ovaloki inapotoka. Kitambaa cha fulana kikikatwa hakichanuki nyuzi pembeni kama cha shati. Kinajikunja tu. Kwa hiyo ule mshono wa kuzuia ukingo usifumuke, ambao ndio sababu kubwa ya watu kuitaka ovaloki, hapa ni wa kupendezesha. Isipokuwa vile vilivyofumwa wazi wazi mfano wa sweta. Hivyo vinafumuka kweli, na kwa mtu anayeanza siwashauri.

Kitambaa

Jezi ni ile nyepesi ya fulana za kawaida. Upande wa nje unaona vijistari vya V vikishuka chini, upande wa ndani vijimawimbi vya kulala. Ukiikata, ukingo wa juu na wa chini unajikunja kuelekea nje, wa pembeni unajikunja kuelekea ndani. Hii ni alama nzuri ya kujua uso wa kitambaa ukiwa umechanganyikiwa: vuta kidogo ukingo uliokatwa kwa upana, unakojikunja ndiko nje.

Intaloki ni nzito zaidi, pande zote mbili zinafanana, haijikunji, na inatulia mezani. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chukua hii. Sijui kwa nini watu wanaanza na jezi laini inayoteleza halafu wanailaumu cherehani.

Ribu ina mistari ya kupanda na kushuka, inavutika sana kwa upana. Kwa shingo na vikono (miisho ya mikono) inafaa kuliko zote, ila topu nzima ya ribu itambana kijana kila mahali, na si kila kijana anataka.

Sasa kipimo cha mvutiko. Kunja kitambaa, shika sentimita 10 katikati, si pembeni, uvute kwa upana mpaka kianze kukataa. Zikifika 13, mvutiko ni asilimia 30. Zikifika 15, ni asilimia 50. Topu ya kubana mwili inataka karibu hiyo 50. Ikiwa chini ya 25, shona ya kupwaya, usijidanganye.

Halafu achia. Hiki ndicho kipimo ambacho watu wanakisahau. Ile 15 imerudi kuwa 10, au imebaki 11? Kitambaa kisichorudi kitakuwa na magoti kwenye viwiko na shingo iliyolegea kabla kijana hajaivaa vya kutosha. Spandeksi (nyuzi zinazovutika kama mpira) kidogo ndani ya pamba, hata asilimia 5, inasaidia sana kurudi. Nyuzi hizi aliziunda mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958, na adui zake ni joto kali na klorini, kwa hiyo pasi ya moto mkali na dawa ya kung'arisha nguo ziwekwe mbali.

Fua kabla ya kukata. Pamba iliyofumwa hupungua, na hupungua zaidi kwa urefu. Fua na ukaushe vile vile topu itakavyokuwa ikifuliwa siku zote, maana kijana hataifua kwa upole mliouahidiana. Baada ya hapo kitandaze kikae usiku mzima. Kitambaa kilichokuwa kimezungushwa kwenye roli kimevutwa, na ukikikata kabla hakijapumzika, vipande vitajirudi baada ya mkasi kupita.

Kiasi: kitambaa cha upana wa sentimita 150, topu ya mikono mifupi inatosha kwenye mita moja, mikono mirefu, ongeza mpaka moja na nusu.

Vipimo vya kijana

Mtoto wa miaka 8 unampima ukaendelea na maisha. Kijana wa 13 au 14 akiwa kwenye kasi ya kukua anaweza kuongeza sentimita 8 au zaidi kwa mwaka, na mikono na miguu hutangulia kiwiliwili. Vipimo vya msimu uliopita ni historia. Pima upya wiki ile unayokata.

Na muulize anataka ikae vipi kabla ya kufungua tepu. Wewe unaona "inamtosha", yeye anaona fedheha. Atoe nguo anayoipenda kabatini mwake, aitandaze juu ya kitanda, uipime hiyo. Upana wa kifua cha ile nguo ndio jibu lake la kweli. Kwa mfano ana kifua cha sentimita 84: topu ya kubana ikiisha iwe na mzunguko wa 80 hivi, ya kawaida 89 au 90, ya kupwaya inayopendwa sasa 100 na zaidi. Tofauti ni kubwa, na vipimo vya mwili peke yake haviwezi kukwambia ipi.

Patani, yaani karatasi ya kufuata unapokata, rahisi kuliko zote inatoka kwenye hiyo hiyo nguo yake, alimradi kitambaa chake na chako vinavutika sawasawa. Ikunje katikati kwa urefu, bega juu ya bega, itandaze juu ya karatasi iliyowekwa kwenye kadibodi, toboa kwa pini kufuata mishono, kisha unganisha matundu kwa penseli. Mbele na nyuma zichorwe tofauti: shingo ya mbele inashuka zaidi, na kwapa la mbele huwa limeingia ndani kidogo kuliko la nyuma. Ongeza sentimita 1 ya mshono kuzunguka na 2.5 ya pindo.

Wakati wa kukata, upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Vile vijistari vya V vishuke wima, visipinde, la sivyo mshono wa ubavuni utazunguka mpaka tumboni baada ya kufuliwa. Kitambaa kisining'inie nje ya meza. Uzito wake mwenyewe unakivuta. Pini ziwe ndani ya posho ya mshono (ile sentimita 1 ya pembeni), au tumia vitu vizito kushikilia karatasi.

Kushona

Sindano ya ncha duara, namba 75/11 au 80/12. Ncha yake inasogeza kitanzi pembeni. Ile kali inaweza kukata uzi wa kitanzi, na utaona kitundu kikikua baada ya kufua. Kama kuna spandeksi nyingi, tafuta ile sindano maalumu ya vitambaa vya kuvutika sana. Uzi wa polista, si wa pamba, kwa sababu polista inavumilia kuvutwa.

Zigizaga nyembamba, upana milimita 1 na urefu 2.5. Ukiitazama kwa nje inaonekana kama mshono ulionyooka, lakini ina akiba ya uzi ndani yake. Shona kwenye mabaki kwanza, vuta kwa nguvu zote. Uzi ukikatika, rekebisha mkazo wa uzi au ongeza upana. Usiguse topu mpaka mabaki yamekubali.

Mpangilio wangu: mabega, shingo, mikono ikiwa bado imelala wazi, kisha ubavu na mkono kwa mshono mmoja kutoka pindo hadi kikono, mwisho mapindo. Mabegani weka utepe mwembamba au ukanda uliokatwa kwenye ukingo wa kiwandani wa kitambaa kisichovutika, ushonwe pamoja na mshono. Bega ndilo linalobeba topu nzima. Lisipozuiwa, litarefuka na mikono itashuka.

Shingo

Bendi ya shingo, yaani ule ukanda unaoizunguka, iwe fupi kuliko tundu lenyewe. Hapo ndipo inapolala vizuri. Ikilingana na tundu, itasimama wima na kuacha mdomo wazi.

Pima tundu la shingo kwenye mstari wa kushona, si kwenye ukingo uliokatwa. Watu wengi wanapotea hapa. Mstari wa kushona uko sentimita 1 ndani ya topu, na kwa shingo ya mviringo tofauti ya mzunguko inafika karibu sentimita 6. Ukitumia namba ya ukingo, bendi itanyonga.

Tuseme mstari wa kushona ni 56. Kwa jezi au intaloki zidisha kwa 0.85, unapata 47.6, weka 48. Kwa ribu shuka mpaka 0.8 au chini kidogo. Kwa kitambaa kigumu kuvutika panda 0.9. Ongeza sentimita 2 za kuunganisha, kwa hiyo unakata urefu wa 50. Upana 6: ukikunja unapata 3, mshono unakula 1, inaonekana 2.

Unganisha iwe pete, ikunje, igawe robo nne kwa pini. Shingo nayo igawe robo nne, na angalia: robo za shingo haziangukii mabegani, maana mbele ni ndefu kuliko nyuma. Bandika pini juu ya pini. Bendi iwe juu unapoiona, shingo chini, uvute bendi tu mpaka ilingane na ya chini. Mkono wako uvute bendi. Topu yenyewe usiivute kabisa. Ukifika penye mviringo wa mbele vuta zaidi kidogo, nyuma palipo karibu na mstari ulionyooka vuta kidogo tu.

Kabla ya kushona kwa mwisho, piga bandi (mshono wa muda) kwa mkono kwa uzi wa rangi nyingine, kijana aingize kichwa. Kichwa kikipita bila kugombana, endelea.

Maswali yaje.

---

Mama Mapacha

Asante fundi. Yangu inaruka mishono. Nimeweka sindano mpya, nimebadilisha uzi, bado: hatua tatu nzuri, ya nne hamna. Kitambaa ni chembamba chenye spandeksi. Kwenye kitambaa cha shati cherehani haina tatizo lolote.

Chaki Nyeupe

Mama Mapacha, sindano mpya ya aina gani? Kama ni ile ya kawaida, mpya haisaidii.

Kinachotokea ni hiki. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma yake, na ndoana ya chini inakuja kukidaka. Kitambaa kinachovutika kinaganda kwenye sindano na kupanda nayo, kile kitanzi hakitokei, ndoana inapita hewani. Umeruka. Sindano ya vitambaa vya kuvutika sana imechongwa nyuma ya jicho kwa namna inayoipa ndoana nafasi ya kusogea karibu zaidi. Kwa spandeksi nyingi hiyo inashinda hata ncha duara ya kawaida. Chukua 75/11.

Ukiikosa leo, weka karatasi nyembamba chini ya kitambaa, ushone juu yake, kisha uichane taratibu. Inazuia kitambaa kupanda na sindano.

Cherehani ya Mguu

Wakuu, mnaongea zigizaga kama kila mtu anayo. Mimi nina cherehani nyeusi ya kukanyaga, inakwenda mbele tu. Binti yangu wa miaka 15 anataka topu ya mikono mirefu. Niache?

Chaki Nyeupe

Usiache, kaka. Punguza urefu wa hatua mpaka milimita 2 hivi, hatua fupi zinaweka uzi mwingi kwenye mshono. Legeza mkazo wa uzi wa juu kidogo. Unaposhona mishono ya kushuka, yaani ubavu na mikono, shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano ukikaze kidogo sana, mikono yote miwili sawa. Mshono ukitoka una vijimikunjo vidogo, ndiyo akiba hiyo. Pasi ya mvuke itavituliza. Halafu pita mara ya pili, milimita 3 kutoka wa kwanza, ndani ya posho.

Kama unapata uzi wa nailoni ule unaovutika, uzungushie kwenye bobini kwa mkono bila kuukaza, juu uache polista.

Na jambo moja muhimu: usiweke sindano pacha (mbili kwenye shina moja) kwenye cherehani hiyo. Tundu la bamba lake, kile chuma cha chini ya mguu, ni dogo la sindano moja, pacha itagonga chuma na kuvunjika, vipande vinaruka.

Cherehani ya Mguu

Basi pindo nifanyeje bila pacha?

Sindano Kavu

Nilidake hilo, nimeshona kwa mashine ya namna hiyo miaka mingi. Pindo la topu ya kupwaya halivutwi sana, hatua fupi na kukaza kidogo vinatosha. Vikono vya mikono mirefu ndivyo vinavyovutwa kila akipandisha mkono. Huko usipinde, weka bendi kama ya shingo. Inavutika yenyewe, na mshono hauko kwenye ukingo. Hata chini unaweza kuweka bendi, ndiyo mtindo wenyewe sasa.

Pindo la mkono pia si aibu. Mshono wa kurudi nyuma, nyuzi zikiwa legelege, unavutika kuliko wa cherehani yoyote ya mstari mmoja.

Mama Mapacha

Mimi pindo langu likitoka linakuwa na mawimbi mpaka mtu anadhani nimeweka marinda. Ninashona kwa zigizaga pana.

Chaki Nyeupe

Zigizaga pana na yenye hatua za karibu inasukuma kitambaa kitanuke. Ongeza urefu wa hatua. Punguza pia nguvu ya mguu unaokandamiza, kama cherehani yako ina kitufe au skrubu ya juu ya kuipunguza: mguu ukikandamiza sana unasukuma safu ya juu mbele wakati meno yaliyo chini ya mguu yanavuta ya chini. Na usishikilie kitambaa kwa nyuma. Kiache kitoke chenyewe.

Lililokwisha kuharibika jaribu mvuke kwanza kabla ya kufumua. Weka pasi juu ya kitambaa cha pamba chenye unyevu, shusha, inua, shusha. Usiiburute. Kwa pamba, mawimbi mengi hulala. Yakikataa, fumua.

Bibi Bandi

Nasoma kwa furaha, ila kwenye shingo sikubaliani na hizo hesabu. Nimeshona tangu nikiwa msichana na sijawahi kuzidisha kitu kwa 0.85. Nachukua bendi, naishika kwenye shingo, naanza kuipachika na pini huku naivuta kwa mkono, vidole vinaniambia. Nikimaliza mzunguko nakata kilichobaki. Vitambaa viwili vyenye mvutiko sawa wa karatasi havivutiki sawa mkononi, kimoja kina nguvu ya kurudi kuliko kingine. Hesabu yako haijui hilo.

Chaki Nyeupe

Shikamoo bibi. Hapo kwenye nguvu ya kurudi umenishika, ni kweli kabisa, na ndiyo sababu nimesema wapige bandi kwanza. Lakini anayeanza vidole vyake bado havisemi kitu. Namba inampa pa kuanzia, aone imekaaje, kisha apunguze au aongeze sentimita moja.

Bibi Bandi

Marahaba. Mwanzo sawa. Ila wasiiamini namba kuliko macho.

Mpima Posho

Mimi napenda kumkatia kijana kubwa, saizi mbili juu, ili aivae muda mrefu. Kitambaa si cha kuchezea. Kuna ubaya?

Chaki Nyeupe

Ubaya upo kwenye mabega na shingo. Ukiongeza kila mahali, shingo inaanguka, bega linashuka, na kijana anaivaa mara moja kwa heshima yako kisha inakwenda chini ya kabati. Kijana anaongezeka urefu kabla ya upana. Kwa hiyo kata mabega na shingo za leo, mwili uongeze sentimita 4 hivi za urefu, mikono mirefu iwe na bendi pana inayoweza kukunjwa mara mbili sasa na kukunjuliwa baadaye. Kama yeye mwenyewe anataka ya kupwaya, hapo upana utautoa bure, ila uupe ubavu na kwapa lishuke. Shingo ibaki ya kwake.

Niko Kidato

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye anayeshonewa, si anayeshona, nimeuona uzi huu kwenye simu ya mama. Naomba kusema mambo machache.

Msitupime mbele za watu. Nipe tepu, nielekeze, nijipime chumbani na nikuletee namba.

Mshono wa nyuma ya shingo unawasha. Ndiyo sababu topu nyingine tunaziacha.

Na mkiuliza "unaipenda?" tukiwa tumevaa na ninyi mmeshika pini mdomoni, tutasema ndiyo.

Bibi Bandi

Marahaba mwanangu. La pini mdomoni nimelisikia.

Chaki Nyeupe

Marahaba. Hoja zote tatu ni halali. La kujipima linawezekana: kamba nyembamba ifungwe kiunoni ili kiuno kijulikane kilipo, tepu ilale sambamba na sakafu, asibane pumzi. Urefu wa mgongo ndio hawezi kujipima mwenyewe, huo uchukue kwenye nguo yake.

Mwasho wa shingo una dawa. Baada ya kushona bendi, laza posho ya mshono chini kuelekea kwenye topu na uishikilie kwa mshono wa juu, zigizaga au pacha, milimita 2 au 3 kutoka kwenye bendi. Kwa nyuma, bega hadi bega, funika posho kwa ukanda wa jezi laini ulioshonwa kingo zote mbili. Fulana za dukani zinawekewa utepe mahali hapo hapo, na pamoja na kufunika mshono unazuia shingo kutanuka.

Dada wa Pasi

Topu ya binti yangu ina mistari inayotoka kwapani kuelekea kifuani, na mbele inapanda juu kuliko nyuma. Mabega yako sawa, ubavu uko sawa. Nimeambiwa niongeze upana, nikaongeza, mistari ipo palepale na sasa mgongo unapwaya.

Chaki Nyeupe

Dada, kinachokosekana ni urefu wa mbele. Kifua kinapokua kinachukua kitambaa cha kupanda juu yake, na kitambaa kinavutwa kutoka mahali pa karibu, yaani kwapani na kwenye pindo. Rudisha upana wa nyuma ulivyokuwa. Kata patani ya mbele kwa mstari wa kulala kwenye usawa wa kifua, ifungue sentimita 1.5 mpaka 2 katikati na ubavuni. Sasa ubavu wa mbele utakuwa mrefu kuliko wa nyuma. Ile ziada iingize taratibu kwenye mshono wa ubavu, pale pale usawa wa kifua, ukivuta nyuma ilingane na mbele. Kitambaa cha shati kingehitaji mkunjo wa kushonea. Hiki kinaimeza ziada hiyo bila alama.

Ikizidi sentimita 2 haitamezeka yote, hapo weka mkunjo. Na mpime akiwa na sidiria atakayoivaa na topu hiyo, vinginevyo usawa wa kifua unaoupima siyo wenyewe.

Dada wa Pasi

Ubavu nimeshaushona na kukata posho. Nifumue?

Chaki Nyeupe

Urefu hauwezi kuongezeka kwenye kipande kilichokwisha kukatwa. Kata mbele mpya, nyuma na mikono utumie hizo hizo. Mbele ya zamani itoe bendi za shingo na vikono.

Mama Mapacha

Nimepata ile 75/11 ya vitambaa vya kuvutika. Hairuki tena. Ila mwanzo wa mshono kitambaa kinazama kwenye tundu la bamba na kutafunwa.

Sindano Kavu

Usianzie ukingoni kabisa. Anzia sentimita 1 ndani, rudi nyuma mpaka ukingoni, kisha songa mbele. Shika nyuzi zote mbili kwa nyuma hatua za mwanzo. Au anzia kwenye kipande cha mabaki, ukitoka humo unaingia moja kwa moja kwenye topu bila kukata uzi, mabaki unayakata baadaye. Mimi kipande changu cha kuanzia hakitoki mezani.

Cherehani ya Mguu

Mikono nimeitia ikiwa imelala wazi kama mlivyosema, hatua fupi, mara mbili. Imekubali. Ila kichwa cha mkono (ule mviringo wa juu unaoshonwa kwapani) kimezidi kwapa kama sentimita 2, nikate?

Chaki Nyeupe

Usikate kaka. Gawa hiyo ziada kwenye theluthi ya juu ya kichwa cha mkono, nusu mbele na nusu nyuma ya mshono wa bega. Weka mkono chini upande wa meno na mwili juu: meno yanaingiza safu ya chini kwa haraka kidogo kuliko ya juu, yatakusaidia kuila.